Babu alibatizwa Machame, nasi tunahudumu Ujerumani: tumtafute wapi?

SWALI: Mimi na mke wangu ni wastaafu, mimi nilikuwa mwalimu, yeye muuguzi. Dayosisi yetu imetutuma miaka miwili katika usharika mmoja wa Kilutheri hapa Sachsen, Ujerumani. Kazi yetu kubwa ni kuwatembelea wazee majumbani kwao na katika nyumba za kutunzia wazee. Babu yangu mzaa baba alibatizwa Machame kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na nyumbani tunasimuliwa kwamba alikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo. Hatuna picha yake wala maandishi yake. Shangazi yangu, mtoto wake wa mwisho, bado yupo, ana miaka 92. Mke wangu kwao ni Rungwe. Tumesikia karatasi za wamisionari zimehifadhiwa huku. Tuanzie wapi? Kipimo cha vinasaba kitasaidia? Na je, ni haki kutumia muda wa utume kwa mambo ya ukoo wetu?

JIBU: Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Poleni na baridi ya huko.

Mmepangiwa mahali ambapo mtu mwenye swali kama lenu angeomba apangiwe. Misheni iliyofika Machame mwaka 1893 ni ya Leipzig, na Leipzig iko Sachsen hiyo hiyo mnayohudumu. Nyaraka zake za zamani zimewekwa Halle, kama nusu saa kwa treni kutoka Leipzig, katika taasisi za Francke zilizoanzishwa mwaka 1698. Kutoka hapo Halle ndiko walikotoka Walutheri wa kwanza waliokwenda kuhubiri Tranquebar, India, mwaka 1706. Nao Wamoraviani waliofungua Rungwe mwaka 1891 walitumwa kutoka Herrnhut, mji mdogo ulio mashariki ya Sachsen, karibu na mipaka ya Poland na Cheki. Kwa hiyo babu wa Baba na babu wa Mama, wote wawili, mnaweza kuwaendea kwa treni na basi.

Lipo jambo moja ambalo wengi wanaokuja huku hawaambiwi mapema, nao hurudi wamekata tamaa. Karatasi hizi hazikuandikwa kwa ajili ya babu. Mmisionari alikuwa akimwandikia mkurugenzi wake, na nyuma ya mkurugenzi walikuwepo Wakristo wa vijijini Ujerumani waliochanga fedha. Aliandika habari za nyumba aliyoijenga, homa iliyomlaza, mvua, maneno yake na mangi, yaani chifu, na hesabu ya waliobatizwa. Babu yumo humo, ila mara nyingi hana jina. Ni “mwalimu wetu wa kule juu”, ni “mmoja wa wanafunzi wa bweni”, ni “kijana aliyenisindikiza”. Mkiingia Halle na jina peke yake, mhifadhi nyaraka ataangalia orodha yake na kuwaambia kwa upole kwamba halimo. Mafaili yamepangwa kwa kituo, kwa mwaka na kwa jina la mmisionari. Mkishakuwa na hayo matatu, milango inafunguka. Na yote matatu yako Machame, si Halle.

Kwa hiyo anzeni na shangazi.

Msimuulize babu alizaliwa mwaka gani. Huenda babu mwenyewe hakuujua, na jibu atakalowapa shangazi litakuwa la kuwaridhisha tu. Watu wa kizazi kile walijuana kwa rika. Muulizeni babu aliingia rika gani, na akina nani waliingia naye. Muulizeni alikuwa mkubwa kiasi gani Mangi Meli aliponyongwa Old Moshi. Siku hiyo ni tarehe 2 Machi 1900, walinyongwa watu 19, na hakuna nyumba ya Uchagga ambako haikusimuliwa. Je, alikuwa ameshaoa treni ya kutoka Tanga ilipofika Moshi? Hiyo ni 1911. Waingereza walipoingia Moshi, Machi 1916, yeye alikuwa wapi, na ni nani wa nyumba yake aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi? Mafua makubwa ya mwisho wa vita yaliondoka na nani? Mzee ambaye hawezi kukupa mwaka hata mmoja anaweza kukupa haya yote mchana mmoja, na mkiyapanga yatawabania umri wa babu ndani ya miaka mitatu au minne. Mwacheni aongee Kimachame. Akigeuziwa Kiswahili atafupisha, na vile vijisehemu anavyoviacha njiani ndivyo mnavyovihitaji.

Jihadharini na majina. Baba unajua desturi yetu: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Jina moja basi linarudi kila baada ya kizazi kimoja, na binamu wanne wanaweza kuwa nalo kwa wakati mmoja. Majina ya ukoo tunayoyatumia leo kama jina la mwisho hayakuandikwa hivyo wakati ule. Mtu alikuwa na jina lake na la baba yake, basi. Ubatizoni wengine walipewa majina ya Biblia, wengine wakatungiwa majina ya Kikristo kwa lugha ya kwao. Kwa hiyo babu ana majina mawili au zaidi, na mmisionari huyu anamwita kwa moja, yule kwa jingine. Pateni yote, pamoja na la utani kama lilikuwepo.

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliona katika taarifa ya kituo kimoja ya mwaka 1908 mwalimu aitwaye Petro, nikaamini ni mtu wa familia iliyonituma, nikapiga simu nyumbani. Walichinja, wakakusanyika, wakamshukuru Mungu. Miezi minane baadaye kitabu cha ubatizo cha kituo kile kilionyesha akina Petro watatu, na wetu alibatizwa mwaka 1911. Ilinibidi niende mwenyewe kuwaeleza. Tangu siku ile sitoi habari kwa familia mpaka niwe na mambo mawili zaidi ya jina: jina la baba yake na kijiji chake. Nawaomba nanyi mjiwekee sheria hiyo hiyo, hasa kwa ajili ya shangazi. Hana umri wa kupewa baba halafu akanyang’anywa.

Kitabu cha ubatizo nacho kiko nyumbani. Watu hudhani wamisionari waliondoka na kila kitu. Vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi vilikuwa vya usharika, na kwa kawaida vilibaki usharikani. Mtumeni mpwa au mjukuu mwenye subira, akiwa na barua yenu, aende kwa mchungaji wa Nkwarungo aombe kuviona. Nataja Nkwarungo kwa sababu ndicho kituo mama cha Machame. Usharika ambao familia yenu inasali leo unaweza kuwa ulizaliwa miaka mingi baada ya babu kubatizwa, na jina lake likabaki kwenye kitabu cha mama. Akiruhusiwa kupiga picha, apige ukurasa mzima pamoja na wa kabla yake, asipige mstari wa babu peke yake. Mara nyingi kitabu cha namna hiyo huonyesha namba, jina la zamani, jina jipya, wazazi, kijiji, tarehe, mbatizaji na wasimamizi. Watu walibatizwa kwa makundi baada ya kufundishwa muda mrefu, kwa hiyo walioandikwa juu na chini ya babu ni wenzake wa darasa. Hapo ndipo mtakapopata mmisionari na mwaka kwa pamoja. Hapo hapo mtampata na bibi. Katika barua za Leipzig wanawake wa Machame ni wachache sana wenye majina; kitabuni wapo mmoja mmoja, na baba zao, na vijiji vyao.

Mkishakuwa na mwaka na mbatizaji, ndipo muiandikie Halle. Andikeni kwa Kijerumani, barua fupi: kituo, miaka, wamisionari, mnachotafuta, siku mnazoweza kufika. Ombeni orodha ya mafaili ya kituo hicho kabla ya kusafiri. Mkifika mtaandika kwa penseli, na kuhusu picha mtaelekezwa; fuateni bila kubishana, karatasi zenyewe zina zaidi ya miaka mia na nyingine ni nyembamba kama ganda la kitunguu.

Msianze na barua za mkono. Anzeni na gazeti la misheni lililochapishwa, “Evangelisch-Lutherisches Missionsblatt”, ambalo lilitoa dondoo za barua na taarifa za vituo. Herufi zake ni zile za Kijerumani za zamani zenye kona kona, lakini ni za kupigwa chapa, na kwa wiki mbili macho huzizoea. Humo mtajua mwaka gani mmisionari wenu alikuwa Machame na mwaka gani alikuwa likizo Ulaya, na ni lini vilitajwa walimu, shule za vijijini, mitihani na ubatizo wa pamoja. Weka alama penye mwezi unaokuhusu, Baba, kisha ndipo uombe faili la barua la mwezi huo. Wanaoanza na faili husoma siku tatu habari za mabati na misumari.

Majina ya mahali yatawapotosha mwanzoni. Mjerumani aliandika alivyosikia, kwa herufi za kwao. Machame ni “Madschame”, Moshi ni “Moschi”, Shira ni “Schira”, Mchagga ni “Dschagga”. Palipo na “dsch” someni j au ch, palipo na “tsch” someni ch, na j yao ni y yetu. Kwa Mama, Nyasa itakuwa “Njassa”, na nchi ya Wanyakyusa itaitwa “Konde”. Halafu r na l hubadilishana mpaka mtu achoke. Mnapoona jina msilolijua, lisomeni kwa sauti. Sikio la mtu wa Machame hutambua mapema kuliko jicho lake.

Sasa mwandiko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo swali lenu la mwisho linapopata jibu lake.

Barua zile zimeandikwa kwa mwandiko unaoitwa Kurrent. Hata Mjerumani msomi wa miaka arobaini hawezi kuusoma. Herufi e inafanana na n, u inatofautishwa na n kwa kijikonyo tu juu yake, na h ina vitanzi juu na chini. Nimewaona wanafunzi wa chuo kikuu wakiketi na ukurasa mmoja tangu asubuhi hadi saa nane. Shuleni mwandiko wa namna hii, katika umbo lililorahisishwa liitwalo Sütterlin, ulifundishwa mpaka mwaka 1941, serikali ya Hitler ilipoupiga marufuku. Pigeni hesabu. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa shangazi aliingia darasa la kwanza kama mwaka 1938 au 1939. Alijifunza kuandika jina lake kwa herufi hizo, na barua za baba yake kutoka vitani zilikuja kwa herufi hizo. Leo yuko katika nyumba ya wazee, dirishani, akisubiri saa tisa ya kahawa na keki. Na ninyi ndio mnaokwenda kumtembelea.

Nimemwona bibi wa namna hiyo, mmoja ambaye jina la binti yake lilikuwa linampotea, akiwekewa mbele yake nakala ya barua ya mwaka 1907 iliyokuzwa. Aliisoma kutoka juu hadi chini bila kukwama, akarudia sentensi moja mara mbili kwa sababu ilimpendeza. Wauguzi walisimama mlangoni. Kwa miezi mingi yeye ndiye aliyekuwa akisaidiwa kila kitu. Siku ile ilikuwa zamu yake kumsaidia mtu.

Kwa hiyo mkiniuliza kama ni haki, jibu langu ni kwamba mkifanya hivi mtakuwa ndani ya kazi mliyotumwa. Kumtembelea mzee na kumwambia “tumekuja kukuona” ni jambo jema. Kumwambia “tumekuja, tuna barua ya babu yetu, hatuwezi kuisoma, wewe unaweza” ni kumrudishia kiti chake. Mwambieni mchungaji wa usharika tangu mwanzo, ili lisionekane jambo la siri. Siku za Halle ziwe siku zenu za mapumziko au za likizo. Na msimlazimishe mzee. Wapo ambao mwandiko ule unawarudisha kwenye vita, kwenye barua iliyoleta habari ya kifo. Kama mkono unatetemeka, kunjeni karatasi, mle keki.

Wenzetu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wana desturi ya kutuma wanandoa wastaafu kwenye utume, na wapo ambao utume wao wote ni kumbukumbu za nasaba. Wao wana sababu ya imani, kwa kuwa hubatiza kwa niaba ya wafu, jambo ambalo sisi Walutheri hatulifundishi. Lakini tovuti yao ya FamilySearch iko wazi kwa kila mtu bila malipo, na katika nchi kadhaa za Afrika wamekwenda kwa wazee kuandika nasaba zilizokuwa kichwani tu. Fungueni akaunti. Hata kama hamtapata Machame ndani yake, ni mahali pazuri pa kuupanga mti wenu kadiri unavyokua.

Kuna pia programu ya kompyuta, Transkribus, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck, inayosoma miandiko ya zamani. Itumieni kwa Kijerumani, lakini majina ya Kichagga msiyaamini kutoka kwake. Na niwape siri ya watu wa kazi hii: mwandishi wa Kurrent alipofika kwenye neno la kigeni au jina geni, kwa kawaida aliligeuza kuwa herufi za Kilatini, hizi zetu. Kabla ya kuupeleka ukurasa kwa bibi, upitisheni macho haraka. Katikati ya ule msitu wa vikonyo, jina la mtu wa Machame litasimama peke yake, linasomeka. Ukurasa usio na neno la Kilatini wekeni pembeni kwanza.

Mtafika mahali ambapo barua zinakatika. Karibu wamisionari wote wa Leipzig walifukuzwa na Waingereza mwaka 1920. Walutheri wa Marekani, wa sinodi iitwayo Augustana, walifika mwaka 1922 kushika vituo, na Wajerumani walianza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika muda ule wa katikati, sharika za Kilimanjaro zililelewa na walimu wenyeji. Nani alifundisha, nani aliongoza ibada, nani alizika? Babu yenu na wenzake. Na ndiyo miaka ambayo msitegemee kupata Halle barua nyingi za wamisionari kutoka Machame. Kama familia inasimulia kwamba babu alikuwa mwalimu mkubwa, inawezekana sana ukubwa wenyewe ni wa miaka ile, na ushahidi wake uko katika vitabu vya usharika, kwa mwandiko wa Waafrika. Kwa miaka ya Wamarekani nyaraka zinatafutwa Illinois, kwenye hifadhi ya kanisa la Kilutheri la Marekani, na huko mwandiko si tatizo. Kama babu alikuwa bado kijana mwaka 1912, ulizeni pia kuhusu chuo cha ualimu Marangu, kilichofunguliwa mwaka huo. Mwalimu wa kabla ya hapo huenda alifundishwa kituoni na mmisionari mwenyewe.

Mkipata nafasi, someni Bruno Gutmann, au ombeni mtu awasomee. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902, akakaa Masama kisha Old Moshi, na ukiondoa ile miaka ya kufukuzwa na likizo, alifanya kazi huko mpaka 1938. Aliamini usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, na katika kitabu chake cha sheria za Wachagga cha mwaka 1926, na kile cha mafundisho ya jando kilichotoka kati ya 1932 na 1938, aliandika mambo ya koo ambayo wajukuu wa koo hizo hawayajui tena. Ana makosa, na alipenda mno kutuona tusiobadilika. Lakini alikaa na wazee akawasikiliza, na hilo si dogo.

Upande wa Mama, swali la kwanza ni kituo gani. Rungwe, Rutenganio na Ipyana vilikuwa vya Wamoraviani, na nyaraka zake ni Herrnhut. Manow na Mwakaleli vilikuwa vya misheni ya Berlin, na hizo mtazifuata Berlin. Babu aliyeishi saa chache tu kwa miguu kutoka Rungwe anaweza kuwa wa upande ule mwingine, kwa hiyo Mama aulize kwao kabla ya kukata tiketi. Baada ya vita vituo vile vilishikwa na Waskoti wa misheni iitwayo Livingstonia hadi katikati ya miaka ya 1920, na barua za miaka hiyo ziko Edinburgh. Herrnhut wana kitu ambacho Leipzig hawana: desturi ya Mmoraviani kuandika habari za maisha yake, zisomwe siku ya mazishi yake. Nyingi ni za Wazungu, lakini zile za wamisionari wa Rungwe zina majina ya watu waliowapokea na kuwauguza. Kila kituo pia kiliandika shajara yake. Mkiwa huko pandeni mpaka makaburini, ambako mawe yote yamelala sawasawa, ya tajiri na ya fundi. Mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Picha za misheni ya Leipzig na za Wamoraviani, nyingi mno, zimewekwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Maelezo yake mengi ni kama “walimu na wake zao” au “darasa la shule”. Msizipite kwa sababu hazina majina. Mpwa wenu ampelekee shangazi kwenye simu kubwa, moja moja, mchana penye mwanga, bila kumdokeza chochote. Akisema “huyu ni fulani”, andikeni alichosema, siku, na alivyosema, kabla hamjamuuliza mara ya pili.

Kuhusu vinasaba, hifadhini pesa zenu. Mmeshajua kwamba Baba ni mjukuu wa babu. Mnachokosa ni maisha yake, na hayo mate hayawezi kuyasema. Vipimo vya kuuzwa hulinganisha vinasaba vyenu na vya watu waliomo katika hazina yao, na watu wa Kilimanjaro humo ni wachache. Mtajibiwa kwamba mnatoka Afrika Mashariki. Kuna kazi moja ambako vinasaba vimesema kweli huku Ujerumani, nayo ni ya majonzi. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba mafuvu kutoka Kilimanjaro, yaliyochukuliwa enzi za ukoloni, yamelinganishwa na vinasaba vya familia zilizo hai na jamaa kupatikana. Mmoja wa marehemu hao ni Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe, kilichotafutwa na mjukuu wake miaka mingi, hakikuwa kimepatikana. Kama ukoo wenu una mtu aliyeuawa miaka ile asirudishwe, hapo kipimo kina maana, na kinafanywa pamoja na ukoo mzima, si kwa kifurushi cha posta.

Mjiandae pia kuumia. Mtasoma watu wazima, pengine babu mwenyewe, wakiitwa watoto. Mtasoma desturi ya nyumbani kwenu ikiitwa giza na mtu aliyeshinda kambini mwa Wajerumani jana yake. Mama alikuwa muuguzi, atajua namna ya kusimama karibu na jambo bila kuanguka. Msisome mkiwa peke yenu siku hizo. Nukuuni neno kama lilivyo, msilisafishe kwa ajili ya familia, kisha andikeni chini yake anachosema shangazi kuhusu siku hiyo hiyo.

Kila nakala mtakayopata iandikieni nyuma, hapo hapo mezani, jina la hifadhi, namba ya faili na ukurasa. Tengenezeni tatu: moja ya familia, moja ya usharika wa Nkwarungo, moja ya yule mzee aliyewasomea, kama atapenda.

Lakini hayo ni ya majira ya kuchipua. Wiki hii pigeni simu Machame, saa za asubuhi shangazi akiwa na nguvu, mpwa amshikie simu na mwingine arekodi. Muulizeni swali moja tu: siku babu anabatizwa, akina nani walisimama naye? Akiwatajia hata wawili, niandikieni majina hayo, nami nitawaandalia barua ya Kijerumani ya kupeleka Halle.